Muhuri Kwenye Buti ya Gari

Katibu mpya ameniomba nimwandikie makabidhiano ya ofisi, na amenisihi yasizidi ukurasa mmoja kwa sababu ana shughuli nyingi. Nimeipenda roho yake. Mtu anayeamini kwamba siasa za jumuiya ya Watanzania wa Texas zinaenea kwenye ukurasa mmoja bado ana afya njema, na si vizuri kumharibia mapema. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake na vijana wenzake waliochaguliwa juzi, wayasome wiki ya nne, watakapokuwa wameanza kukosa usingizi.

Nimestaafu siasa nikiwa na miaka ishirini na tisa. Nilitumikia kama katibu wa kanda, yaani Dallas, Fort Worth na Houston pamoja, saa nne za barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine kama hakuna ajali. Sitaeleza vyeo nilivyopanda, maana sikupanda hata kimoja. Ofisi yenyewe ilikuwa buti ya gari langu. Humo mlikuwa na kitambaa cha meza cha satini ya kijani, vibao tisa vya majina, kengele ya kunyamazisha watu ambayo haijawahi kumnyamazisha mtu, katoni ya madaftari, na muhuri. Muhuri ni wa duara, una mwenge katikati ambao fundi aliuchonga ukafanana na aiskrimu. Nilikuwa nauogopa. Kila nilipougonga kwenye karatasi nilihisi kuna mtu mzima mahali fulani atatokea kuuliza nani kaniruhusu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 2017, kwenye ukumbi wa kanisa tuliokodi Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Tangazo lilisema saa nane mchana. Nilifika saa saba na nusu, nikakaa ndani ya gari nikijiuliza kama nimekosea mji. Saa kumi mkutano ukaanza. Meza kuu ilikuwa na viti tisa, na sisi wananchi tuliotazamana nayo tulikuwa kumi na mmoja. Mwenyekiti wetu, Bwana Mbwambo, muuguzi wa miaka mingi na mpenzi wa suti za kijivu, alitumia nusu saa kutambua uwepo wa waliokuwepo, mmoja mmoja, na vyeo vyao, na vyeo walivyowahi kuwa navyo. Mwishoni akasema itifaki imezingatiwa. Ilikuwa imezingatiwa mpaka ikachoka.

Ilipofika nafasi ya katibu, aliuliza, "Nani ana kalamu?"

Nikanyoosha mkono. Ndivyo nilivyoingia kwenye siasa. Sikuwa na ilani wala wapambe. Nilikuwa na kalamu, na nyingine ya akiba.

Niseme wazi, kwa kuwa sasa hakuna wa kunifukuza: mkutano wa pili, kabla ya kusoma kumbukumbu za mkutano wa kwanza, nilitapika kwenye choo cha kanisa. Nikanawa uso, nikarudi, nikasoma kurasa kumi na nne. Nilikuwa nimeziandika upya mara sita. Bwana mmoja wa nyuma aliuliza kama inaruhusiwa kuzipitisha bila kuzisikia. Akaungwa mkono.

Sikusomea siasa wala sheria. Mchana nilikuwa naingiza data kwenye kampuni ya vifaa vya hospitali, kazi niliyojifundisha kwa video, na uendeshaji wa mikutano nao nilijifundisha kwa video, wakati wa chakula, sandwichi mkono mmoja. Nilipogundua kwamba jumuiya haina katiba niliumwa kabisa. Wenzangu walikuwa wameishi bila katiba kwa raha zote, wakifanya sherehe mbili kwa mwaka na kuhudhuria misiba. Nikawaandikia. Ninajivunia hadi leo mpangilio wa ibara. Ibara ya Tano, kuhusu uanachama, ilikuwa na vipengele viwili. Cha kwanza kilisema mwanachama ni mtu mwenye asili ya Tanzania anayethibitisha asili hiyo kwa hati. Hayo maneno "kwa hati" niliyaongeza mwenyewe, nikayasoma kwa sauti jikoni, nikaona yana uzito. Cha pili kilisema mwenzi na watoto wa mwanachama ni wanachama bila kudaiwa hati nyingine. Hicho nilikiandika kwa dakika mbili nikisubiri maji ya chai yachemke, na sikukifikiria tena.

Katiba ikapita kwa kauli moja. Sidhani kama kuna mtu aliisoma. Mama Perpetua aliisoma.

Mama Perpetua alikuwa mwanasiasa wa kweli pekee kati yetu, na bila shaka ndiyo maana hakuwa na cheo chochote. Ni mzaliwa wa Songea. Masista walimpeleka Italia akiwa binti kusomea uuguzi, akaolewa huko, na katika kuishi kwake huko akachaguliwa kwa muhula mmoja kuwa mjumbe wa baraza la mkoa, upande wa kaskazini. Mume alipofariki alimfuata binti yake kwenye mji wa Katy, pembeni ya Houston, kwenye nyumba mpya zinazofanana kiasi kwamba mara ya kwanza nilibisha hodi kwa jirani. Nilikwenda kumwomba anifundishe kazi. Nilipeleka orodha ya maswali, imepigwa chapa.

"Shikamoo Mama. Swali la kwanza. Katika miaka mitano ya ujumbe wako, ulifanikisha nini?"

"Marahaba. Benchi."

"Benchi?"

"Hospitali moja ilikuwa na kituo cha basi kisicho na pa kukaa. Wagonjwa wanasimama kwenye theluji. Mimi nesi, nikasema naomba benchi. Mwaka wa kwanza wakaunda kamati. Wa pili wakabishana kama benchi ni suala la afya au la barabara. Wa tatu serikali ya mkoa ikaanguka. Wa nne ikaanguka na iliyofuata. Wa tano nikampelekea keki fundi wa karakana ya mkoa, akalileta kwenye pikapu."

"Bila kibali?"

"Kibali kilikuja baadaye, mwanangu. Benchi lilikuwa limeshakaliwa."

Alikuwa na picha ya benchi hilo kwenye mlango wa friji, bibi mmoja amelikalia na mkoba mapajani. Nikafungua daftari nikaandika nilichojifunza: "Fuatilia vibali mapema."

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na karibu zote zilihusu viti. Makamu mwenyekiti wetu anaishi Katy pia. Kazi yake ni injinia na jina lake ni Injinia. Kama analo jingine, mama yake ndiye anayelijua. Sherehe za Uhuru za mwaka 2018 zilifanyika Houston, na Injinia akasema kwa kuwa yeye ni mwenyeji, atakaa katikati ya meza kuu. Bwana Mbwambo akasema mwenyekiti hukaa katikati hata akiwa mwezini. Nilipiga simu kwa wiki mbili. Niliandika waraka. Mwishowe nikapata wazo ambalo lilinifanya nijione mwanadiplomasia: meza ya duara. Meza ya duara haina katikati.

Nilisahau kwamba ina mgongo. Injinia na wazee watatu walikaa sherehe nzima wamewapa wageni visogo, na hotuba yake akaihutubia saa ya ukutani. Picha ipo. Mkiwa na siku mbaya kazini, niombeni.

Siku hiyo hiyo niliingia jikoni kutafuta chumvi, nikakutana na Mama Furaha. Ndiye aliyekuwa amepika samaki waliosifiwa na meza yote ya duara. Ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Alikimbia vita akiwa msichana, akakulia kambini Kigoma, akazaa huko watoto watatu, kisha akaletwa Houston. Alikuwa anasafisha vyumba vya hoteli na kuishi mtaa wa Gulfton na mama yake mzazi, Bibi Feza. Alikiangalia kibao changu cha cheo kifuani, akafuta mikono.

"Dada sekretere, unipe na miye karatasi ya kujiandikisha."

"Una hati ya asili, Mama Furaha? Cheti cha kuzaliwa, au pasi?"

"Cheti kiliungua na nyumba. Niko na karatasi ya kambi tu."

"Ya kambi inaonyesha kwamba ulikuwa mkimbizi," nikamweleza.

"Ndiyo, dada," akasema. "Nilikuwa mkimbizi."

Nikamsomea Ibara ya Tano. Nilikuwa naijua kwa moyo. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine.

"Miye siombi makuta," akasema. Makuta kwao ni fedha. "Chakula nitapika mwenyewe. Lakini mama yangu moyo wake umechoka, daktari amesema. Siku atakayolala, nani atakuya kwa kilio? Uvira barabara ingejaa. Huku mtu wa mlango wa mbele simjui hata jina. Ninyi mukifiwa ninawaonaka, magari mpaka barabarani. Naomba watu tu."

Inafaa wageni wa nchi hii waelewe jambo hilo. Sherehe zetu ni mbaya, lakini misiba yetu ni mizuri. Ikitoka karatasi yenye muhuri kusema fulani amefiwa, hakuna anayeuliza ratiba. Masufuria yanatoka, viti vinatoka, manesi wanabadilishana zamu, kwaya inatoka Fort Worth na wanaotoka msikitini wanaleta maji na barafu. Mtu hakai na maiti yake peke yake. Na mimi, kwa maneno mawili niliyoyasoma kwa sauti jikoni, nilikuwa nimemfungia mtu mlango wa hilo.

Nikaenda Gulfton kumwona Bibi Feza. Alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari, blanketi miguuni. Aliniuliza mimi wa nani, nikamwambia. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole watakaokuja kumlilia. Binti yake, wajukuu watatu. Akatafuta. Akamwongeza dereva wa basi anayemsubiri apande taratibu. Akanitazama, akakunja kidole cha sita.

"Na weye," akasema.

Nikaanza kuandika marekebisho ya katiba. Badala ya asili ya Tanzania, mzungumzaji yeyote wa Kiswahili atokaye Afrika Mashariki na Kati. Badala ya hati, wadhamini wawili. Rasimu ya kwanza ilinichukua siku moja na ilikuwa nzuri. Hilo lilinitia wasiwasi, nikaandika ya pili. Bwana Mbwambo alisema wazo ni zuri, tuliweke kwenye ajenda, kauli ambayo kwake humaanisha tuliweke kaburini. Injinia alisema tukifungua mlango hatutaweza kuufunga. Nilijibu hoja zao zote kwenye tanbihi. Kufikia katikati ya 2019 nilikuwa na rasimu ya kumi na moja, yenye tanbihi ishirini na sita.

Mkutano mkuu ulifanyika Houston. Mama Perpetua alisimama kwenye foleni ya chakula na kijiko cha wali, na kila aliyemwekea wali alimwambia neno moja la pembeni. Kijiko kilipofika mwisho wa sufuria alikuja nilipokaa.

"Kura ishirini na mbili kwa kumi na tano," akaninong'oneza. "Wameshiba, wana huruma. Simama sasa hivi."

Nikasimama. Mama Furaha alikuwa kiti cha nyuma kabisa, na kitenge kipya na viatu vya kanisani. Nikainua karatasi nisome. Na hapo, mstari wa tisa, nikaona nimeandika "kwa mujibu wa Ibara ya Saba", na ilipaswa kuwa Ibara ya Nane.

Ningeweza kusoma Nane. Ningeweza kusoma Saba. Hakuna kiumbe ndani ya ukumbi ule ambaye angejua. Lakini kosa lile likakua hadi likafunika ukurasa, na nikasikia sauti yangu, ile sauti niliyojifunza kwenye video, ikisema, "Mwenyekiti, naomba hoja iahirishwe hadi mkutano ujao ili nirekebishe rejea."

"Katibu mwenyewe ameomba," alisema Bwana Mbwambo, kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake tena. "Imeahirishwa."

Injinia akapiga makofi.

Mama Furaha alinifuata mlangoni. "Imepita?"

"Bado. Kuna namba moja haikukaa sawa."

"Namba," akasema. Akaitafakari. "Aya, dada."

Mama Perpetua hakunigombeza. Alinifungia chakula kwenye karatasi ya alumini, akanipa, na ndipo akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile kuliko lolote nililosoma: "Mwanangu, ile Saba ilikuwa inamuuma nani?"

Mkutano uliofuata ulipangwa baada ya miezi mitatu. Bibi Feza alifariki zikiwa zimebaki wiki tatu.

Nilikuwa Arlington, Jumamosi asubuhi, nafua nguo kwenye mashine za kulipia. Simu ikaita. "Dada sekretere, mama amelala," alisema Mama Furaha. Nyuma yake nikasikia nyumba ilivyokuwa kimya. "Nimekuambia tu. Kwa sababu alikuhesabu."

Niliacha nguo ndani ya mashine. Nilikwenda kwenye gari, nikafungua buti, nikatafuta karatasi safi, haikuwepo. Zilikuwepo rasimu tu. Nikageuza rasimu ya kumi na moja, nikaandika nyuma yake kwa mkono, nimeegemea boneti: "Jumuiya inasikitika kutangaza kifo cha mama yetu, Bibi Feza, kilichotokea leo Gulfton. Msiba uko nyumbani kwa bintiye, Mama Furaha. Wanajumuiya wote mnaombwa kufika." Nikagonga muhuri. Nikapiga picha, nikaituma kwenye makundi yetu yote mawili ya simu, la Dallas na la Houston. Sikuisoma tena. Katika maisha yangu yote ya kazi hiyo ndiyo karatasi pekee niliyoitoa bila kuirudia. Halafu nikaweka simu kifudifudi kwenye kiti na nikashika barabara, saa nne, nikitunga barua ya kujiuzulu kichwani. Nilifika rasimu ya tatu.

Nilipokata kona kuingia Gulfton, magari yalikuwa yameegeshwa hadi barabarani. Nilidhani kuna ajali. Mtu mwenye suti alikuwa katikati ya njia akielekeza magari kwa mikono miwili, na jasho limemlowesha mgongo. Alikuwa Injinia. Akainama dirishani kwangu.

"Katibu. Huyu marehemu namba yake ya uanachama ni ngapi?"

"Sijui, Injinia."

"Hujui."

"Sijui."

Nyuma yangu gari likapiga honi. "Tutaitafuta baadaye," akasema. "Sogeza, sogeza huko kwenye uzio. Akina mama wana masufuria ya moto humo, unawazibia."

Viti vilijaa uwanja wote wa maegesho. Manesi wa Arlington walikuwa wamekuja na sare zao za kazi. Watoto waliozaliwa hapa, ambao ukiwasalimia shikamoo hukujibu "hi", walikuwa wanagawa maji. Bwana Mbwambo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, bila kibao cha jina, anamenya viazi. Majirani, kumbe wamo na wa Kongo, walitoka ghorofa baada ya ghorofa, wakasimama wakitushangaa, kisha wakashuka na viti vyao. Kwaya ilipoanza, wao walijua sauti ya pili.

Mama Furaha alikuwa ndani, mkekani, kati ya wanawake asiowajua majina, wamemlalia mabegani. Aliponiona alinyoosha vidole vya mkono mmoja, akavitazama, akawatazama watu, akaviacha.

Wiki iliyofuata nikaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Shtaka: kutumia muhuri bila idhini, kwa ajili ya mtu asiye mwanachama. Kwa kuwa katibu ndiye huandika kumbukumbu, niliandika kumbukumbu za kushtakiwa kwangu, na niliziandika vizuri. Nilikiri yote. Walinikuta na hatia kwa kauli moja, na kalamu yangu ikaandika "kwa kauli moja".

Ndipo Mama Perpetua, aliyekuwa ameketi pembeni anafuma, akaomba nafasi.

"Naomba kuelimishwa," akasema. "Mimi mzee. Kama marehemu hakuwa mwanachama, basi jumuiya nzima, na mwenyekiti wake, na makamu wake aliyeongoza magari, walikwenda kula na kulia kwenye msiba usiowahusu. Katibu, liandike hilo, tulisome mkutano mkuu."

Bwana Mbwambo alikuna kidevu.

"Au alikuwa mwanachama," akaendelea, akihesabu vishono, "na tangazo lilikuwa halali, na huyu binti kosa lake ni haraka tu. Chagueni mnalotaka kusomewa."

Walichagua kwa dakika kama tano. Niliandika: "Kikao kimeridhia kwamba marehemu Bibi Feza alikuwa mwanachama." Nikaandika na namba. Kisha Mama Perpetua akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo akiwa mlangoni, katiba inasemaje kuhusu watoto wa mwanachama.

Nikakisoma kipengele cha pili. Kile cha maji ya chai. Watoto wa mwanachama ni wanachama bila kudaiwa hati nyingine. Injinia alifumba macho. Hivyo ndivyo Mama Furaha na watoto wake watatu walivyoingia kwenye jumuiya, na rasimu zangu kumi na moja hazikuhusika kwa namna yoyote, isipokuwa mgongo wa moja.

Nilijiuzulu mwanzoni mwa 2020, kabla ya watu kuambiwa wakae majumbani na mikutano kuhamia kwenye simu, ambako nasikia meza kuu imekufa na wazee wanaiomboleza. Kazi ya mwisho niliyofanya ilikuwa kwenda Gulfton kuaga. Mama Furaha sasa yuko kwenye kamati ya misiba, na wanamwogopa, maana anajua sufuria ya nani haikurudi kwa nani. Alinikaribisha, akanionyesha ukuta. Tangazo langu lilikuwa hapo, ndani ya fremu, chini ya picha ya Bibi Feza, muhuri umekaa upande, wino umetapakaa hadi kwenye neno "mama".

Nikalisoma kwa mara ya kwanza tangu nilipoliandika. Sikuwa nimeweka namba ya nyumba. Majengo yale yanafanana yote, na sikuandika jengo, sikuandika ghorofa, sikuandika mlango. Watu wote wale walikuwa wamezunguka jengo hadi jengo wakiuliza, wakipigiana simu, mpaka wakampata.

"Mama Furaha, nilisahau namba."

Akaja akasimama karibu yangu, akalitazama na yeye.

"Iko sawa, dada," akasema. "Kaa, chai inapoa."

Nilikuwa na kalamu mfukoni, na nyingine ya akiba. Nikakaa.